Upande Wangu wa Sinia

Naogopa. Nalitanguliza neno hilo kwa sababu humu ndani waoga wengi hulificha nyuma ya maneno marefu, na mimi maneno marefu nayajua yote na hayajanisaidia kitu. Naogopa wali. Naogopa mkono wangu wa kulia. Zaidi ya yote naiogopa siku ya leo, ambayo sijui ilianza lini, maana katika Nyumba hii jua limesimama juu ya paa na haliendi popote, na mchana mmoja unaweza kuwa mrefu kuliko ujana wangu wote.

Saa ya ukutani haina tarakimu. Ina picha tatu tu: bakuli la uji, sinia, na birika la chai. Mshale ni mmoja. Ukifika kwenye sinia kengele inalia, nasi watano tunatoka vyumbani, tunashika ukumbi mrefu kuelekea barazani. Sijawahi kuuona mshale huo ukitembea. Kila ninapoinua macho nakuta umeshafika.

Sisi ni watu wazima, wenye akili zetu na vitambulisho vyetu, tuliokuja hapa, au kuletwa, sikumbuki tena tofauti yake, kujifunza kazi ambayo mtoto mchanga huifanya huku amefumba macho. Tunajifunza kula. Cheka ukitaka. Mimi nilicheka siku ya kwanza, nikamwambia Bi Mwatima, mshauri wetu, kwamba nina miaka arobaini na moja na sihitaji kufundishwa kutafuna. Akaniuliza mara ya mwisho kushiba ilikuwa lini. Nikafungua mdomo kumjibu, nikagundua kwamba neno hilo limenitoka kabisa. Nalijua kwa masikio, silijui kwa mwili. Nikaletewa mkeka.

Swali langu ni hili, na ndilo linalonitembeza katika ukumbi ule: ninapokula, ni nani anayekula? Kuna mimi ninayefumba kiganja juu ya tonge. Kuna mwingine, anayenitazama nikifanya hivyo. Huyo wa pili nimempa jina la Mkaguzi, kwa kuwa kazi yake ni kukagua na hana kazi nyingine. Hanipigi wala hanifokei. Ana sauti ya mtu mstaarabu aliyekuja kwa wema.

Umelamba kidole.

Sikulamba.

Nimekuona, Tatu. Lakini si neno. Kesho utapunguza.

Zamani nilimdhania rafiki. Watu hawaelewi hili, wanadhani tunajichukia. Mimi sikujichukia, nilijitawala. Nilikuwa rais wa nchi yenye raia mmoja, na kila jioni raia yule alipolala na njaa bila kuandamana, nilijiona kiongozi hodari. Nje ya mipaka yangu mambo yalikwenda ovyo. Watu walikufa, wengine walihama, waume walioa juu ya wake zao. Ndani ya mipaka yangu amri ilikuwa moja na ilitiiwa. Mtu aliyewahi kuonja utawala wa namna hiyo haachii kiti kirahisi. Nami sijaachia. Hilo ndilo ninalotaka kuungama katika maandishi haya, na naona nazunguka.

Ukumbi wetu una tabia yake. Nikitoka chumbani nina umri wangu. Nikifika mlango wa tatu nina miaka kumi na minne, nimejifunga kanga ya mama kichwani, na nyumba imejaa watu wa matanga. Uani kuna masufuria makubwa matatu ya pilau. Kila mtu anakula. Wanalia kidogo, wanakula sana, wanalia tena. Mimi natia wali mdomoni na wali haushuki, kwa sababu mama yuko chini ya udongo tangu asubuhi na huu ni wali wake. Siku ya arobaini shangazi mmoja akanishika mkono, akaupima kwa vidole viwili, akaniuliza, “Umekonda wewe, una nini?” Tangu mama afe hakuna aliyekuwa ameniuliza nina nini. Lilikuwa swali tamu kuliko chakula chochote. Nikaamua, bila kujua kwamba ninaamua, kuendelea kuulizwa.

Kwetu mtu akikonda watu hunong'ona. Humtafutia ugonjwa, humtafutia mchawi, humtafutia mwanamume. Hakuna anayedhani kwamba mtu anaweza kukonda kwa kujinyima mwenyewe huku chungu kimejaa. Nilijificha ndani ya mnong'ono huo miaka ishirini na saba.

Nikifika barazani ninakuwa tena na arobaini na moja, na magoti yangu yanauma.

Barazani tunakaa duara kwenye mkeka, na kabla ya chakula kila mtu husema neno lake. Nitawataja mara moja ili tusipoteane. Kushoto kwangu hukaa Ngwali. Kushoto kwa Ngwali yuko Bwana Tolo, aliyekuwa refa wa mpira, ambaye alianza kujinyima ili akimbie vizuri na akaendelea hata asipoweza tena kupanda ngazi. Kisha Mwalimu Kidawa, mstaafu, mwenye sauti ya ubao na chaki. Kisha Leokadia, mdogo wetu, mwenye miaka ishirini na sita, ambaye duara linapofunga anakuwa kulia kwangu. Kila mmoja alikuja na serikali yake ndogo tumboni.

Ngwali peke yake ndiye aliyekuja kwa mlango mwingine. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa suti, anayejua kiuno cha mtu kwa kumtazama tu akipita barabarani. Siku moja alijitazama mwenyewe kwenye kioo cha dukani kwake, akakivunja. Ugonjwa wake ulikuwa kinyume cha wetu na ndugu wa damu wa wetu: yeye hula mpaka apitilize, asiweze kusimama, kisha huenda msalani akakitoa chote, akarudi macho mekundu, mpole, akiomba radhi watu ambao hajawakosea.

Mwanzoni tulikuwa tunakula kwenye sahani, kila mtu yake. Chakula kilipotelea kwenye leso, kwenye mifuko, kwenye vyungu vya maua. Ndipo Bi Mwatima akaleta fikra yake kubwa. Akatueleza kwamba ugonjwa wetu umezaliwa na upweke, na sahani ni chumba kilichofungwa kwa ndani. Toka siku hiyo, ile ile aliyofika Ngwali, tukala sinia moja. Kila mtu na upande wake mbele yake, kama tulivyolelewa, na sheria ikawa nyepesi: upande wako ukiwa mweupe, bila hata chembe, umekula. Yeye mwenyewe hakula nasi. Alikuwa akizunguka nyuma yetu, na akiona bati linang'aa mbele ya mtu humgusa bega na kusema, “Safi.” Ukipata safi kumi mfululizo unapewa cheti, na lango linafunguliwa.

Kulikuwa na fundisho lingine, na hili ndilo lililotuponza. Alituambia tusiyaamini macho yetu. Ugonjwa hukuza chakula, alisema. Utaona wali hauishi, utaona kila ukila unaongezeka, ujue hiyo ni hila ya ugonjwa. Tulilipokea neno hilo kwa shukrani, maana lilikuwa kweli kwa kila mmoja wetu. Mimi wali wangu haukuwa ukiisha. Nilikuwa naupunguza na kuupunguza, nikigeuza uso nakuta kuna kilima kingine. Nikajiambia, kumbe hii ndiyo hila yenyewe.

Naona aibu kueleza nilivyoupunguza, lakini nimeshafika. Unapokula sinia, mkono wako unaruhusiwa kuzurura kidogo. Unaukusanya wali kwa mgongo wa vidole, unaubana kuelekea kando, na ukiwa na kidole kilichozoea, nusu ya unachokusanya inavuka mpaka bila kelele. Mpaka wangu wa kushoto ulikuwa Ngwali. Nilikula matonge mawili matatu, ili Mkaguzi na Bi Mwatima wote wapate chao, na uliobaki niliupeleka kwake. Nyama niliipeleka yote. Upande wangu ukawa mweupe. Nikaguswa bega.

Ngwali aliula. Hakuwahi kugeuka kunitazama, hakuwahi kuurudisha. Nilijua anakwenda wapi baada ya hapo. Nilikisikia kikohozi chake nyuma ya mlango wa msala nikiwa nimesimama ukumbini na tumbo langu jepesi, na nilichokisikia moyoni mwangu, Mungu anisamehe, ni nafuu.

Nimefikiri sana kuhusu nafuu hiyo. Nilikuwa nimejiona mtawala asiyemdhuru mtu. Nchi yangu ilikuwa ndogo, raia wangu mmoja, dhuluma yangu ilibaki nyumbani. Lakini hakuna utawala unaokaa ndani ya mipaka yake. Kile usichotaka kukibeba lazima kiende mahali, na huko kinakokwenda kuna mtu, ana jina, amekaa kimya na mdomo wake. Nilipona kwa mdomo wa Ngwali. Mashavu yangu hayakunenepa na Bi Mwatima akasema mwili wangu ni mzito kujibu. Akanipa moyo, akanisifu kwa subira yangu.

Safi ya tisa niliipata siku ambayo Ngwali alianguka. Alikuwa amemaliza upande wake, amenawa, amekwenda msalani na kurudi. Akafika mlango wa baraza, akakaa chini taratibu, mfano wa mtu aliyeambiwa akae. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukijifungua na kujifumba wenyewe. Bi Mwatima na muuguzi wakambeba hadi chumba cha wagonjwa, na baada ya muda ambao siwezi kuupima, muuguzi akatoka na kutueleza kwa sauti ndogo. Chumvi ya damu yake imeshuka kwa kutapika. Moyo wake umepoteza hesabu, unaruka pigo, unasimama, unakumbuka. Wamemrudisha. Ikitokea mara nyingine, alisema, msitegemee kwamba tutamrudisha.

Sikulia. Nilisimama ukumbini nikiwa na miaka kumi na minne, kisha arobaini na moja, kisha kumi na minne tena, nikiwa nimejishika mbavu.

Bado moja, akasema Mkaguzi. Moja tu, utoke.

Mshale ulipofika tena kwenye sinia, Ngwali alikuwa bado kitandani na Bi Mwatima alikuwa kando yake. Muuguzi aliweka chakula, akatuambia tusogeleane ili pengo lisituumize macho, akarudi kwa mgonjwa. Tukasogeleana. Kwa hiyo kushoto kwangu sasa alikuwa Bwana Tolo. Nikala tonge moja. Kidole changu kikaanza kazi yake peke yake, nami nikakiacha, kwa kuwa Tolo si Ngwali, Tolo ni mwembamba, nikajiambia Tolo hatadhurika. Miongoni mwa nilivyovipeleka palikuwa na kipande cha nyama ya mbavu, mfupa wake umepasuka kwa juu na kuacha ncha kama jino.

Hakuna aliyeinua uso. Wali wangu haukuwa ukiisha. Niliubana, nikaubana, ukarudi. Nikajikumbusha fundisho, nikasema ni macho. Halafu nikaiona ile nyama ya mbavu yenye jino, inaingia upande wangu kutokea kulia.

Nilikitazama kipande kile kwa muda mrefu. Macho yanaweza kukuza kilima cha wali. Hayawezi kuchonga mfupa ule ule mara mbili. Nikageuka kidogo sana na kukiona kidole cha Leokadia, chembamba, kinajiondoa mpakani kwangu bila haraka, kwa ustadi ninaoujua kwa sababu ni wangu. Nikamtazama Mwalimu Kidawa. Nikamtazama Tolo. Mikono minne ilikuwa inazunguka sinia kwa adabu, na chakula kilikuwa kinazunguka nayo, kutoka kwangu kwenda kwa Tolo, kwa Kidawa, kwa Leokadia, na kurudi kwangu, kamili, hakijaliwa.

Niliogopa namna ambayo sijawahi kuogopa wali wala mizani wala kifo changu. Kwa maana nilielewa. Siku zote zile sinia lilikuwa likirudi jikoni tupu. Sisi wanne hatukuwa tunakula, kila mmoja akidhani ni yeye tu mwizi, kila mmoja akisukuma kushoto, na kushoto kwa kila kushoto mwishowe alikuwa Ngwali. Yeye peke yake hakusukuma. Alikula upande wake, akala wangu, na ndani ya wangu alikula wa Leokadia, na wa Kidawa, na wa Tolo. Mtu mmoja alikuwa mdomo wetu sote. Kisha alikwenda peke yake kulitoa lile lote, kwa koo lake, kwa moyo wake.

Wenzangu nao walijua sasa. Nilijua kwamba wanajua kwa jinsi mikono yote minne ilivyosimama kwa pamoja. Mwalimu Kidawa, ambaye amesema ukweli darasani miaka thelathini, alivuta kawa akalifunika sinia. Bwana Tolo akakohoa. Tukainuka mmoja mmoja, tukaenda zetu, na hakuna aliyesema neno, na hiyo nayo ilikuwa namna ya kusukuma.

Chumbani nilizungumza na Mkaguzi, au alizungumza yeye.

Ukisema, utaanza upya. Safi zote tisa zitafutwa.

Najua.

Na utalazimika kula. Upande wote. Mbele yao.

Najua.

Usiposema, kesho uko nje. Na yeye atajijua. Mtu mzima.

Atakufa.

Labda.

Neno hilo, labda, alilitamka kwa upole ule ule aliokuwa akiniambia nimelamba kidole. Nikaelewa kwamba kwake kifo cha Ngwali na chembe ya wali vina uzito mmoja. Nikaelewa pia kwamba kwa miaka ishirini na saba nimekuwa nikiishi nyumba moja na kitu hiki na kukiita busara. Nilikaa kitandani. Sikufikia uamuzi wowote. Ningependa kuandika kwamba nilifikia.

Kengele ikalia.

Ngwali alikuwa amesharudi barazani. Alikuja akishika ukuta, suruali imemlegea, kola ya shati lake imepigwa pasi vizuri kwa kuwa ufundi haumtoki mtu. Akakaa mahali pake, kushoto kwangu, akatusalimu wote, akaomba radhi kwa kutusumbua. Dirishani Bi Mwatima alikuwa ameweka bahasha ya cheti yenye jina langu. Alinitabasamia. Tulinawa. Sinia likaja, wali wa nazi, mchuzi wa kuku, mvuke wake ukanigusa uso na tumbo langu likapiga kelele ambayo nilidhani kila mtu ameisikia.

Tukaanza. Nilitazama wenzangu, nikingoja mmoja wao aseme. Nilingoja kwa bidii kabisa, nikawaombea ujasiri ambao mimi sikuwa nao. Leokadia alikuwa analia bila sauti huku vidole vyake vinafanya kazi; wali wake ukaingia upande wangu. Na kidole changu, naapa sikukituma, kikaukusanya na kuanza kuupeleka. Nikaona mkono wa Ngwali ukifunguka kuupokea. Aliufunga wali ule kuwa tonge, akaliinua.

Nikaushika mkono wake.

“Usile hilo,” nikasema. “Ni langu.”

Alisimamisha mkono hewani. Bi Mwatima, nyuma yetu, aliacha kutembea. Sauti ilinitoka nyembamba, ya msichana wa miaka kumi na minne, lakini ilitoka. Nikamwambia kwamba kila siku nimekuwa nikimsukumia chakula changu. Nikamwambia kuhusu siku ambayo hakuwepo, kuhusu mfupa wenye jino, kuhusu duara. Nilitaja matendo ya wote wanne, sikutaja majina, ila tulikuwa wanne tu. Nikamwambia amekuwa akila chakula cha watu watano, na kwamba mimi nilikuwa nikimsikia msalani na nikanyamaza, na kwamba bahasha ile dirishani ni yake yeye, kaifanyia kazi yeye.

“Na mimi, kaka,” akasema Leokadia. Tolo na Kidawa waliutazama mkeka.

Nilidhani Ngwali atapiga kelele. Nilitamani apige. Alilirudisha tonge kwenye sinia, upande wangu, pole pole, akafuta vidole vyake kimoja kimoja.

“Kwamba nasogezewa nilijua,” alisema. “Mimi fundi, Bi Tatu. Naona hata uzi uliolegea. Siku ya pili tu nilikiona kidole chako, na cha huyu mdogo nikakiona.”

Nikamuuliza kwa nini basi alikula.

Alishangaa swali. “Kwetu mtu akikusogezea chakula upande wako, akakuwekea na nyama, huyo kakuenzi. Hukatai. Ukikataa umemvunjia moyo. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyenisogezea kitu. Nikasema, hawa watu wananipenda. Nilikuwa nakula nashindwa, tumbo linauma, nasema nimalize tu, wasinione mtovu wa shukrani. Nikitoka msalani naona haya, nawaza wamenipa cha vinywani mwao nami nimekwenda kukimwaga.”

Bi Mwatima alikaa chini kwenye mkeka, sehemu iliyokuwa karibu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye fikra yake kubwa imemrudia mikononi ikiwa na damu. Mimi nilijua kwamba nimemwokoa Ngwali na kitu kimoja na nimemnyang'anya kingine, na sikujua ni kipi kilichokuwa kikimweka hai.

Alinigeukia. Macho yake, yale yanayopima, yalikuwa yamejaa maji.

“Hata ile ya siku ya kwanza?”

Nilijua anasema ipi. Siku ile aliyofika, begi lake bado liko mapajani, hajui aweke wapi mikono yake, nilimpelekea paja zima la kuku. Aliniangalia kwa namna ambayo sijaangaliwa na mtu, akaniombea Mungu anizidishie. Na mimi nilitabasamu. Nilipenda kudhaniwa mwema. Nilikuwa nimeshiba dua yake bila kula chochote.

Ningeweza kumwachia hiyo moja. Ilikuwa neno moja tu, nani angepungukiwa? Mkaguzi mwenyewe alinyamaza, akingoja. Lakini niliona kwamba nikimdanganya kwa huruma nitakuwa bado namsukumia kitu ili upande wangu uwe mweupe.

“Hata ile,” nikasema.

Ngwali alitikisa kichwa mara kadhaa, akiafikiana na mtu asiyeonekana. Akainuka. Ilimchukua muda kuinuka, na hakuna aliyethubutu kumshika. Akaanza kwenda mlangoni, kule kuliko na ukumbi na msala, na mimi nikahesabu hatua zake, maana muuguzi alisema ikitokea tena tusitegemee kwamba watamrudisha. Alifika mlangoni. Akaushika mwimo wa mlango. Mgongo wake ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka.

Akageuka. Hakurudi mahali pake. Alikwenda kukaa peke yake ukutani, miguu ameinyoosha, kichwa amekiegemeza, mbali na sinia na mbali nasi.

“Kula, Bi Tatu,” akasema. “Nitakaa hapa mpaka umalize. Ila usinitazame.”

Nikainamisha kichwa, nikala.